Kidonge cha Tano

Siku ya arobaini na moja mkanda wa Kastuli Gama ulikuwa bado kijani, na mimi nikaanza kumshuku mtu.

Mkanda hausemi uongo. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine kwa miaka sita pale Kituo cha Utulivu, juu ya kilima tunapouona mji wote wa Iringa. Mgonjwa anauvaa tumboni, unanusa jasho lake, na ukikuta ile kemikali ambayo seli za kinga huimwaga zinapogombana ndani ya utumbo, unageuka njano, kisha nyekundu. Kastuli alipokuja kwetu ulikuwa mwekundu wa kutisha. Alikwenda chooni mara ishirini kwa siku, damu tupu, na alikuwa amejifunza kupanga safari zake zote kwa kuhesabu vyoo vya njiani. Siku ya kumi baada ya kumrudishia seli zake za kinga tulizozifundisha mkanda ukawa kijani, na haukubadilika tena.

Lakini mizani asubuhi ile ilisema kilo hamsini na moja. Wiki mbili kabla ilisema hamsini na sita.

"Mizani ya Kihehe hiyo," alisema Kastuli akishuka. "Inampima mtu kwa kumlinganisha na mbwa mliyemla jana."

"Panda tena, mtumwa wangu. Ulisimama kwa mguu mmoja."

"Nimesimama kwa yote miwili. Labda mmoja umeshaupigia hesabu ya mchuzi."

Wodi nzima ilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Mimi ni Fotunata Kihwele, Mhehe wa Kalenga. Kastuli ni Mngoni wa kule Peramiho, mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa, mtu wa miaka hamsini na mbili. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, kisha wakawa watani, na tangu hapo Mngoni anaweza kuniita mla mbwa mbele ya mama yangu mzazi na nisipate kinyongo. Nikipata kinyongo, mwenye kosa ni mimi. Baba alipofariki, Wangoni wa mtaani kwetu walivaa koti lake wakauiga mwendo wake palepale msibani, na mama akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Kwa hiyo Kastuli alipofika wodini na kusikia jina langu, alivuta kiti changu, akakikalia, akadai chai. Nilimpenda siku hiyohiyo.

Siku ile ya mizani alitoka bustanini na tarumbeta yake kama kawaida. Alipiga mstari mmoja wa wimbo, akauacha katikati, akakaa kwenye ukingo wa maua akiwa ameishika mapajani. Hakuuendeleza. Mtu ambaye utumbo wake umetulia hakosi pumzi ya mstari wa pili, na mtu aliyetulia hapungui kilo tano. Mkanda ulikuwa kijani. Basi kuna mtu alikuwa ameuchezea.

*

Mtu mwenyewe nilikuwa naye tayari kichwani: Dakta Hosiana Msuya, mkuu wa kituo.

Ijumaa tulikuwa tunategemea wageni kutoka wizarani, waje waone wagonjwa thelathini na mmoja wenye mikanda ya kijani. Na tangu siku ile ya mizani, kwa siku nne mfululizo, nilimwona Dakta Msuya akiingia chumba cha mitambo wakati wa chakula cha mchana, peke yake, akifunga mlango kwa ndani. Mkuu wa kituo hana kazi kule. Jumanne nilipita karibu makusudi, nikamsalimia alipotoka.

"Shikamoo, Dakta. Mitambo haijambo?"

"Marahaba. Haijambo," akasema, akautia ufunguo mfukoni haraka. Kisha akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, jicho la mtu anayepima kitambaa. "Na wewe, Fotunata, darasani kwako hakuna jipya?"

"Hakuna, Dakta."

Sikulipenda jicho lile hata kidogo.

Darasani ndiko ninakofanya kazi. Siku hiyo nilirudi nikakaa mbele ya mifuko ya wagonjwa wapya, inayoning'inia kwenye kabati la joto la mwili, nikaendelea kufundisha huku mawazo yakiwa kwingine. Kufundisha kwenyewe si muujiza. Ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi vijidudu wasiohesabika, wengi wao majirani wema, na seli za kinga za mtu mzima huwazoea tangu utotoni. Kwa watu kama Kastuli, seli zimewageuka majirani. Zinawaona wezi, zinapiga mbiu, zinakuja nyingine za kumeza na za kumwaga sumu, na katika vita hiyo kinachochanika ni utumbo wenyewe. Sisi tunachukua seli changa kutoka damu ya mgonjwa, tunaziweka mfukoni siku kumi na nne, tunazionyesha vipande vya vijidudu vyake pamoja na dawa ya utulivu. Inayokasirika tunaiondoa. Inayonyamaza inapanda darasa. Mwisho tunamrudishia mgonjwa seli zilizohitimu, zinakwenda utumboni na kuzituliza nyingine.

Wageni wakija huwa nawaambia kwa kifupi: tunazifundisha seli utani. Chokochoko za jirani zisiwe tena ugomvi. Huwa wanacheka na kuandika.

Jumatano Dakta Msuya alipokwenda kula kweli, niliingia chumba cha mitambo kwa ufunguo wa mlinzi. Nilifungua kumbukumbu za mikanda. Kiwango cha kugeuka njano kilikuwa palepale tulipokiweka mwaka juzi, hakuna mkono uliokigusa. Sikuamini. Nikauchukua mkanda wa Kastuli wenyewe, alipokuwa anaoga, nikamvalisha mama mmoja wa Mufindi aliyelazwa asubuhi ile na hajaanza tiba. Dakika tatu, nyekundu.

Mkanda ulikuwa mzima. Basi labda seli zilibadilishwa. Nikapima alama za mfuko wake uliohifadhiwa: ni zake, ni zile nilizozifundisha mimi, na zilikuwa tulivu ajabu. Kila nilipogeuka nilikuta ukweli, na bado mtu alikuwa anakonda.

Ndipo nikakumbuka darubini.

Ilikuwa kabatini nyuma ya masanduku, ya kizamani, ya kuchungulia kwa jicho moja. Wiki iliyopita Kastuli alikuwa amechukuliwa kinyama kidogo cha utumbo kwa ukaguzi wa kawaida, na mashine ilikuwa imekisoma kwa kuzihesabu seli zetu na kutoa jibu: utulivu. Hakuna jicho la mtu lililokitazama. Nilikikata chembamba, nikakipaka rangi nyekundu, nikakipasha moto, nikakisafisha kwa asidi, nikamalizia na bluu, kama tulivyofanya chuoni miaka ambayo wanafunzi wa leo hawaijui.

Kwenye bluu ile nilikuta vijiti vyekundu. Si kimoja wala viwili. Vilikuwa vimejaa ndani ya seli za kumeza, na zile seli zilikuwa zimekaa tu navyo.

Kifua kikuu cha utumbo. Nilikaa chini kwenye sakafu nikiwa bado nimeshika kioo.

*

Niliingia ofisini kwa Dakta Msuya bila kubisha hodi. Nilikuwa na hasira ya kutosha watu wawili.

"Ulijua," nikamwambia. "Ijumaa wageni wanakuja, ukaona umfiche mgonjwa nyuma ya mkanda."

Aliweka kijiko chini. Alikuwa anakula wali wa juzi, mezani kwake, kati ya makaratasi. "Nilijua nini?"

Nikamwekea kioo mbele, nikamweleza. Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Mimi nilidhani ni wewe," akasema. "Siku nne naingia chumba cha mitambo nikikagua kama mwalimu wa seli amechezea mikanda ili darasa lake lionekane limefaulu. Kilo tano, Fotunata. Hata mimi ninasoma mizani."

"Lakini alipimwa kifua kikuu kabla ya kuanza! Jibu lilikuwa hakuna."

"Kile kipimo kinafanyaje kazi?"

Nikaanza kumweleza, na katikati ya maelezo nikaelewa. Kipimo kile huchukua seli za kinga za mtu, huzionyesha kipande cha mdudu wa kifua kikuu, halafu husubiri zikasirike. Na Kastuli alikuja kwetu akiwa amekunywa vidonge vya kupooza kinga kwa miaka mitatu. Seli zake zilikuwa hazina nguvu ya kumkasirikia mtu yeyote. Yamkini mdudu alikuwa amelala ndani tangu ujana wake, amezungushiwa ukuta na seli za kumeza, jela nzuri tu. Halafu tukaja sisi tukawaambia askari wa ile jela kwamba hakuna ubaya, watulie. Wakatulia. Ukuta ukafunguka. Na kila asubuhi tukiwauliza haohao askari kama kuna tatizo, kwa njia ya mkanda, walitujibu kijani.

"Sawa," nikasema. "Mashine zimekosea. Lakini hakuna mtu angeweza kujua."

Dakta Msuya akaligeuza faili la Kastuli likanielekea. "Soma. Ni mwandiko wako."

Siku ya kumi na tisa: *Anasema shati linalowa jasho usiku mpaka analikamua. Utani.*

Siku ya ishirini na sita: *Anasema seli zake za Kingoni zimesomeshwa na Mhehe, sasa zimelala lindoni. Utani.*

Siku ya thelathini na tatu: *Anasema kuna kitu kinamla kwa ndani na si mimi. Utani, hali nzuri.*

Kulikuwa na nyingine tatu. Sikuzisoma. Macho yalikuwa yamejaa.

"Sisi Wapare tunataniana na Wachaga," akasema Dakta Msuya, na sauti yake haikuwa ya ukali, jambo lililoniumiza zaidi. "Lakini hatuandiki kwenye faili."

Kisha akanieleza lililobaki, ingawa nililijua. Utumbo wa Kastuli ulikuwa umechimbika. Ukitoboka, ana siku mbili. Dawa za kifua kikuu zingeanza leo hii, ila hazingefika mbali ikiwa seli zetu zinaendelea kuzizuia nyingine zisipigane. Ilibidi ziondolewe zote. Kila seli tunayoifundisha tunaitegea mlango wa kutokea: kuna kidonge kimoja, cheupe, akikimeza mgonjwa seli zetu zote zinajiua ndani ya saa thelathini. Darasani tunakiita kufunga shule.

"Na akifunga shule, ule ugonjwa wa kwanza unarudi," nikasema.

"Unarudi. Na hatutaweza kuutuliza mpaka kifua kikuu kidhibitiwe. Huenda daktari wa upasuaji akauondoa utumbo mpana na kumwekea mfuko wa choo ubavuni. Tarumbeta sijui." Akaufunika wali wake. "Anatakiwa akubali mwenyewe, kwa mdomo wake, akijua. Akikataa, amekataa. Mwambie wewe, ni mtani wako."

*

Nilimkuta bustanini.

"Kastuli," nikamwambia, "una kifua kikuu tumboni. Seli nilizokufundishia zinakilinda. Usipokunywa kidonge cha kuziondoa, utakufa. Pengine wiki hii."

Akanitazama. Kisha akaangua kicheko mpaka akajishika tumbo.

"Umeshaanza kudai kuku wa msiba, Mhehe? Ngoja kwanza nife!"

Kosa langu tena. Wiki ya kwanza tu nilikuwa nimemwambia akifa nitalala ndani ya kaburi lake na sitatoka mpaka ukoo wake unipe kuku wawili. Tangu hapo nilikuwa nimemtangazia kifo kila asubuhi, pamoja na uji.

"Sitanii."

"Hata mimi sitanii. Nitakufa baada yako, nikishakuona umelimalizia lile dume la mbwa la jirani." Akapangusa machozi ya kicheko, akapoa. "Nisikilize, dada. Mwezi mzima sijakimbilia choo. Nimekaa kanisani ibada nzima, mwanzo mpaka mwisho. Unajua ni miaka mingapi? Hata kama ni kweli, na si kweli, kurudi kule sirudi. Mkanda wenyewe huu hapa, kijani. Wewe ndiye uliyeniambia hausemi uongo."

Nikaenda kujifungia stoo. Nililia, kisha nikaacha kulia, nikaanza kufikiri vibaya.

Kastuli alikuwa anameza vidonge vinne kila siku saa mbili usiku, kutoka kikombe kidogo ninachompa mimi. Hajawahi kuvitazama. Huvitupa mdomoni vyote kwa pamoja, huku akinitukana, na kushushia maji. Kidonge cha kufunga shule kilikuwa kwenye droo yangu. Angekuwa hai. Angenichukia akiwa hai, na mtu aliye hai unaweza kumwomba msamaha. Nilijiambia kwamba mimi ndiye niliyeyazima maneno yake siku ya kumi na tisa, basi deni la kumwokoa ni langu, na sina haja ya kumwuliza. Nilijiambia mengi. Hakuna hata moja lililonituliza, ila mikono yangu haikungoja nitulie.

Saa mbili nilimpelekea kikombe.

Akakipokea. Akakiinua. Kisha akakishusha, akachungulia ndani, na nikaona kidole chake kikitenganisha vidonge kimoja kimoja.

"Leo ni vitano," akasema.

Nikamsogezea maji.

"Hiki cheupe ni kigeni." Akacheka kidogo, akanipa nafasi. "Nini hiki, mla mbwa? Sumu ya panya?"

Ilikuwa zamu yangu. Jibu lipo, yapo mia, nimeyanyonya na maziwa. Mtani akikurushia unarusha, hata ukiwa na homa, hata mbele ya jeneza la baba yako. Nilisimama na mikono imening'inia, nikashindwa.

"Mla mbwa," akarudia, taratibu.

Nikanyamaza.

Nikaona kicheko kikimtoka usoni. Aliutazama mkanda wake, kijani, kisha akanitazama mimi, na safari hii aliniamini. Aliamini yote mawili: kwamba anakufa, na kwamba nilitaka kumnywesha kwa hila.

"Ulikuwa unanipa bila kuniambia," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuambia kuhusu jasho."

"Uliniambia. Niliandika kwamba ni utani."

Aliviweka vile vinne mezani, kimoja kimoja, akabaki na kikombe chenye cheupe. "Nionyeshe huyo mdudu."

Tulikwenda polepole, akiwa ameshika ukuta. Mkono wangu aliukataa. Alifumba jicho moja, akachungulia kwenye darubini muda mrefu.

"Hivi vijiti vyekundu?"

"Hivyo."

"Na hizi zilizovizunguka ni za kwangu. Zimevikalia tu kama wageni." Hakuinua kichwa. "Mfuko ubavuni, si ndiyo?"

"Huenda. Sijui. Na tarumbeta sijui. Na mimi siwezi kukuahidi lolote, Kastuli."

Akanyoosha mkono bila kunitazama. Nilidhani anataka karatasi ya kusaini. Alikuwa anataka maji.

*

Saa thelathini baadaye mkanda uligeuka njano, na alfajiri nyekundu. Akapandisha homa ya arobaini, seli zake zilizosahauliwa zimeamka na kukuta nyumba imejaa. Akarudi kule chooni alikoapa hatarudi, na mimi nikawa nje ya mlango na ndoo na taulo, nikimsikia akilia kama nisivyowahi kumsikia mtu mzima. Ijumaa wageni walikuja wakakuta mikanda thelathini ya kijani na mmoja mwekundu. Dakta Msuya akawapeleka moja kwa moja kwenye ule mwekundu, akawaeleza kila kitu, na jina langu akalitaja. Wale thelathini tukaanza kuwapima upya kwa darubini, jicho moja, usiku wetu na mchana wetu, na mafaili yao niliyasoma yote kutafuta neno lile moja kwa mwandiko wangu.

Utumbo wa Kastuli haukutoboka. Wiki ya tano ya dawa vijiti vilipungua. Upasuaji ukaahirishwa, kisha ukaahirishwa tena. Siku mizani iliposema hamsini na tatu nilikimbia na kile kikaratasi mkononi mpaka bustanini, nilikomkuta amekaa, tarumbeta ikiwa ndani ya mfuko wake, pembeni.

"Hamsini na tatu!" nikamwambia. "Mtumwa wangu anaanza kunenepa. Msimu huu nitakuuza kwa faida."

Nikasubiri. Nilikuwa tayari kwa lolote, kwa mbwa, kwa mama yangu, kwa ukoo wote wa Kihwele tangu enzi za vita.

Kastuli akakipokea kikaratasi kwa mikono miwili, akakisoma, akakikunja vizuri.

"Ahsante sana, Mwalimu Kihwele," akasema. "Ubarikiwe kwa kazi yako."

"Karibu," nikamwambia, nikarudi ndani.